Gari Lililozidi Kukimbia Kila Jumamosi

Kiangazi kile gari letu liliongeza kasi karibu kila Jumamosi, na hakuna mtu aliyekuwa amegusa injini.

Sikubadilisha kabureta. Sikuweka mafuta ya ajabu. Hata plagi zilikuwa zilezile za mwaka jana.

Lakini likiondoka pale kwenye taa, linafika mwisho upesi kuliko wiki iliyopita.

Na mimi nilikuwa nashangilia.

Mungu anisamehe. Nilikuwa naruka pembeni ya uwanja, mtoto kiunoni, napiga vigelegele.

Naitwa Marla. Nina miaka ishirini na tisa na binti mmoja, Hattie. Ninaandika haya jikoni kwangu, hapa Iowa, wakati yeye amelala usingizi wake wa mchana. Sijawahi kuandika kitu kirefu kuliko kazi za darasa la jioni, kwa hiyo nikiteleza mnivumilie.

Mume wangu aliitwa Royce. Kazi yake ilikuwa kuezeka mapaa. Mapenzi yake yalikuwa gari, Chevelle ya mwaka 1969 aliyoikuta kwenye ghala la mjomba wake, kuku wakiwa wametaga kwenye kiti cha nyuma.

Rangi yake ilikuwa kahawia iliyopauka. Pale uwanjani waliliita Bakuli la Mchuzi.

Uwanja wenyewe ni robo maili ya lami katikati ya mashamba ya mahindi, na ukuta wa zege kila upande. Magari mawili, taa inawaka kijani, mnaondoka.

Royce alikuwa anaendesha. Mimi nilikuwa mtu wa nyuma.

Namaanisha nyuma ya gari. Springi, shokapu, ekseli, vyote vile vinavyoamua kama gari litakwenda mbele au litakwenda kaburini.

"Shem," Odell alikuwa ananiambia, "wanawake wenzio wanapaka rangi kucha, wewe unapaka grisi."

"Na bado mume wangu anakupiga kila wiki, Odell."

"Ananipiga yeye? Unanipiga wewe! Yeye ni mzigo tu mliopakia."

Odell alikuwa jirani yetu, mpinzani wetu, na rafiki wa Royce tangu shule ya msingi. Kumbuka alichosema. Mzigo tu mliopakia.

Ngoja nieleze kidogo, maana bila hili hutajua nilivyokuwa kipofu.

Injini kubwa ikivuta kwa ghafla, inalisokota gari. Tairi la nyuma la kulia linataka kunyanyuka, la kushoto linakandamizwa. Ukiliacha hivyo pua inageuka, na pua ikigeuka kwa mwendo ule, unakwenda kuukumbatia ukuta.

Dawa yake ni mfuko mdogo wa hewa unaokaa ndani ya springi ya nyuma ya kulia. Unaujaza, springi inakuwa ngumu, tairi la kulia linatulia chini. Ukizidisha hewa, kulia kunasukuma mno na pua inakwenda kushoto. Ukipunguza mno, inakwenda kulia.

Basi. Namba moja tu.

Lakini aliyekaa ndani alikuwa baba wa mwanangu. Kwa hiyo ile namba nilikuwa naiota.

Kazi yangu duniani ilikuwa moja: Royce aende robo maili, na arudi.

Mwalimu wangu wa jioni, Bibi Lindqvist, alikuwa na sheria moja aliyoirudia mpaka tukaichoka. "Badilisha kitu kimoja tu. Andika. Halafu ndiyo uguse kingine."

Nikanunua daftari la jalada la kijani. Tarehe, joto la siku, upepo wa matairi, hewa ya mfuko, muda tuliotumia. Kila Jumamosi. Sikuruka hata moja.

Nilijivunia lile daftari kuliko cheti chochote.

*

Mwezi wa nne, kabla msimu haujaanza, Odell alileta mizani yake. Iko minne, kila tairi linapanda ya kwake, na dereva anakaa ndani na mavazi yake yote, koti la kuzuia moto, buti, kofia. Maana dereva anakaa kushoto, naye ni uzito.

Royce peke yake, kabla ya kuvaa hayo mavazi, alikuwa kilo tisini. Kwetu hatupimi kwa kilo, nimekugeuzia tu ili twende pamoja.

"Kaka," Odell akamwambia, "ukiacha ile mikate ya mdalasini, gari litapungua kilo kumi bure kabisa."

"Mlaumu anayenilisha."

"Mimi simlaumu, mimi naomba na mimi nilishwe."

Halafu wakanipandisha na mimi kwa nguvu. Sitini na saba.

Tangu nimzae Hattie nilikuwa nimegoma kushuka hapo. Royce akashika chaki, akaandika 67 ukutani gereji, kubwa kama namba ya nyumba.

"Futa!"

"Sifuti. Siku moja utakaa wewe kwenye kile kiti, na tutaihitaji."

"Sikai mimi. Mimi kazi yangu ni kukurudisha wewe."

Nikamtupia kitambaa cha grisi. Kilimpata usoni. Tukacheka mpaka Hattie akaanza kulia.

Tukafunga hesabu: hewa ya mfuko, ishirini na mbili kwenye geji.

*

Mwezi wa tano, katikati, gari likaanza kwenda kushoto.

Kidogo tu. Kama mtu anayetaka kuusalimia ukuta halafu anaghairi.

Nikapunguza hewa. Ishirini.

Likanyooka. Na likawahi.

Sasa sikiliza. Pale kwetu mwenye kasi siye mshindi moja kwa moja. Kabla hujakimbia unaandika kwenye kioo, kwa kiwi nyeupe ya viatu, muda utakaotumia. Ukiwahi kuliko ulivyoandika, hata kwa sehemu moja ya mia ya sekunde, umeshindwa.

Sisi tuliandika 11.62. Tukaja 11.60.

Tumeshindwa kwa kuwahi! Nani anakasirika hapo? Nilimkimbilia Royce kwenye njia ya kurudi nikamrukia dirishani.

"Umeona? Nimepata ile namba! Gari limekaa chini sasa, halipotezi nguvu!"

Royce aliitazama ile karatasi ya muda wanayompa dereva. Aliitazama sana.

"Mikono yako hiyo, Mama Hattie," akasema.

Wiki mbili baadaye, kushoto tena. Nikapunguza. Kumi na tisa. Likanyooka, likawahi. 11.59.

Mwezi wa sita, kushoto tena. Kumi na saba. 11.58.

Watu wakaanza kuja kwenye hema letu kuuliza. Wanaume wazima, wenye magari ya maana, wananiinamia mimi na daftari langu la kijani.

"Dada, umefanya nini huko nyuma?"

"Siri ya jikoni," nawajibu.

Jamani, nilikuwa na furaha. Mimi niliyeacha shule nikiwa na miaka kumi na saba. Mimi niliyekuwa nasoma jioni, mtoto amelala kwenye kibebeo chini ya dawati. Kwa mara ya kwanza kitu nilichokifanya kwa kichwa changu kilikuwa kinafanya kazi, na kila mtu alikuwa anakiona.

Mambo mengine niliyaona pia. Sitaki kudanganya.

Niliona Royce ametoboa tundu jipya kwenye mkanda wa suruali. Nikasema, kazi ya mapaa na jua hili.

Niliona anaacha nusu ya soseji yake, na muhindi wa siagi haugusi. Nikasema, joto.

Niliona anakaa sana juu ya boksi la barafu, kati ya mbio na mbio, mkono umeshika tumbo. Nikamwambia apunguze kahawa.

Kila kitu nilikipa jina lake na kukiweka pembeni. Halafu narudi chini ya gari.

*

Mwezi wa saba gari likanitia wazimu.

Nimefika hewa kumi na tano, na bado linataka kushoto. Haiwezekani. Springi hazibadiliki tabia hivyo.

Nikapaka mfuko maji ya sabuni nione kama unavuja. Hakuna povu. Nikahamisha shokapu, ya kulia kushoto. Hakuna tofauti. Nikafungua bushi zote, zile raba za kwenye viungo, nikazikagua moja moja, nzima kabisa.

"Odell," nikapiga simu, "lete mizani."

Royce alikuwa mezani. Akainua kichwa.

"Mizani ya nini?"

"Tupime upya. Kuna kitu kimebadilika na mimi sikijui."

"Hakuna kilichobadilika, Marla."

"Basi mizani itasema hivyo."

Siku ya kupima alikawia ndani kuvaa. Akatoka na koti, buti, kofia, kila kitu, anatembea taratibu kama mtu anayevuka tope.

Odell akaangua kicheko. "Wewe vipi, mbona unatembea kama bata?"

"Joto."

Akaingia kwenye gari. Nikasoma namba.

Zilikuwa zilezile za mwezi wa nne. Tairi kwa tairi. Kilo kwa kilo.

Odell akakuna kichwa. "Mimi asubuhi na jioni silingani. Huyu miezi mitatu hajabadilika hata ukucha?"

Nilipaswa kusimama pale. Nilipaswa kumfungulia mlango mume wangu na kumwangalia.

Mimi nikaandika kwenye daftari: *Uzito sawa. Tatizo ni springi. Zimechoka.*

Nikaagiza springi mpya. Nikazifunga mwenyewe, nikapima, nikarudisha hewa ishirini na mbili, kama karatasi ya mizani ilivyotaka.

Jumamosi iliyofuata taa ikawaka kijani, na Bakuli la Mchuzi likaruka kushoto kama limepigwa teke.

Nililiona tairi linavuka mstari mweupe. Nililiona linakaribia ukuta. Hattie alikuwa kwenye mkono wangu na nilimbana mpaka akapiga kelele. Mimi nilikuwa nishaanza kupiga zangu.

Royce aliachia mafuta. Gari likatingishika, likarudi katikati. Kati ya kioo cha pembeni na zege palibaki upana wa kiganja.

Nilimkuta mwisho wa njia, amekaa ndani, jasho linatiririka.

"Punguza hewa," akasema.

"Royce, mizani inasema..."

"Achana na mizani. Weka kumi na nne."

"Kwa nini kumi na nne?"

"Niamini tu, mke wangu. Kumi na nne."

Nikaweka. Likaenda kama uzi.

Dereva ambaye hajawahi kushika geji ya hewa maishani mwake, amejuaje?

*

Jumapili ya kwanza ya mwezi wa nane niliamua kufua.

Nikashika lile koti lake la mbio pale lilipotundikwa, kwa mkono mmoja, kama ninavyofanya siku zote.

Halikuja.

Nikavuta kwa mikono miwili. Likaanguka sakafuni kwa kishindo kama mfuko wa saruji.

Nikapiga magoti. Nikapapasa. Ndani ya bitana kulikuwa na kitu kigumu, mstari baada ya mstari, kimeshonwa kwa uzi wa kuvulia samaki. Mshono wenyewe mbaya, wa mwanaume.

Nikachukua mkasi.

Zilikuwa risasi za kubalansi magurudumu. Vile vipande vya madini vinavyobandikwa kwenye rimu. Vingi, vingi. Nikachungulia kwenye buti, vingine. Alikuwa amevipanga na kuvifunga kwa plasta.

Baada ya kusema hakuna kilichobadilika, alikwenda kuhakikisha mizani inamuunga mkono. Halafu uwanjani alibadilisha, akavaa koti lake jingine la zamani, lisilo na kitu ndani. Hata siku moja asingekimbia na uongo mwilini kwenye gari nililolitengeneza mimi.

Nikavikusanya vyote kwenye beseni la kufulia. Nikaliweka juu ya mizani ya bafuni.

Kilo kumi na nne.

Nikaitazama ile namba na kila kitu kikaanza kujipanga chenyewe. Mkanda. Soseji. Kushoto. Kushoto. Kushoto. Kasi.

Halikuwa gari.

Royce alikuwa kwenye ngazi za nyuma, anamkatia Hattie tikitimaji. Nikatoka na lile beseni. Nikaliweka miguuni pake.

"Hii ni nini, Royce?"

Akalitazama. Akamfuta mtoto kidevu kwanza.

"Ni mimi," akasema. "Ni ile sehemu yangu iliyopungua."

"Tangu lini unajua?"

"Mwezi wa sita nilikwenda kwa daktari. Ni saratani ya kongosho. Imeshafika kwenye ini."

"Wanasemaje?"

"Hawakuniahidi Krismasi."

Nilimpiga. Ndiyo, nilimpiga kifuani kwa ngumi, mara moja, halafu nikashtuka jinsi mfupa ulivyokuwa karibu. Kitandani nilikuwa nalala na mtu huyu. Nilikuwa naujua upana wa tairi letu kwa milimita, lakini sikujua mbavu za mume wangu zimeanza kuhesabika.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa unacheka, Marla."

"Nini?"

"Kila Jumamosi ulikuwa unaruka. Watu wanakuja kukuuliza. Sijawahi kukuona unajivunia kitu namna ile tangu nikujue." Akamkatia mtoto kipande kingine. "Ningekuambiaje kwamba gari halikimbii kwa sababu yako? Kwamba linakimbia kwa sababu ninakwisha?"

Hattie alikuwa anachagua mbegu za tikiti na kuzipanga kwenye goti la baba yake.



*

Nilitaka kulifungia gari. Nilichukua ufunguo nikauficha kwenye kopo la unga.

"Nimebakiza Jumamosi nane," akasema. "Usinilaze kitandani Jumamosi nane."

Baadhi yenu mtanilaumu. Nilimrudishia ufunguo.

Daktari alimruhusu kwa sharti la dawa zisizomlewesha. Odell alianza kumwingiza na kumtoa ndani ya gari, akijifanya anamtania. "Njoo, bwana harusi, nikubebe." Wote pale uwanjani wakajua, na hakuna aliyesema. Ila walianza kutuachia ile nafasi ya kivuli, karibu na choo.

Na mimi niliendelea na kazi yangu. Lakini sasa nilikuwa najua.

Kila Ijumaa nilikuwa nalala chini ya gari, nafungua vali ya mfuko, na hewa inatoka, fssss. Naangalia geji. Kumi na tatu na nusu. Kumi na tatu. Kumi na mbili.

Nilikuwa najua ninachokipima.

Gari halikwenda kushoto tena hata mara moja. Sikubahatisha tena, nilikuwa namtazama yeye.

Jumamosi ya mwisho ya msimu, mwezi wa tisa, asubuhi, alisimama mlangoni mwa bafu.

"Mama Hattie, bado uko sitini na saba?"

"Hata leo unanitania?"

"Panda nione."

Nikapanda ili nimridhishe. Sitini na saba. Akapanda na yeye baada yangu, akanifukuza kwa mkono nisione. Nikasikia anacheka peke yake mle ndani.

Hewa kumi na moja. Aliandika mwenyewe kwenye kioo: 11.54.

Likaondoka kama linavutwa na kamba. Halikutikisika. Halikuuliza. Robo maili nzima, katikati ya njia, matairi yote mawili ya nyuma yamekamata lami sawasawa.

Taa ya mwisho wa njia ikasoma 11.54.

Odell alipomtoa ndani ya gari alikuwa anacheka mpaka machozi. Akanipa karatasi ya muda. Nikanakili namba kwenye daftari, nikamrudishia, akaikunja akaitia kwenye kopo la kahawa alilokuwa anahifadhia karatasi zake zote.

"Hilo kopo usilitupe," akasema.

Alifariki mwezi wa kumi na moja, asubuhi, nyumbani. Mahindi yalikuwa yameshakatwa. Mkono wake ulikuwa mwepesi kama wa mtoto.

Niliahidi kumrudisha kila mara. Sikuwahi kuuogopa ukuta ule mwingine.

*

Majirani walileta mabakuli ya tambi na jibini mpaka friji ikagoma kufunga. Baridi ikapita. Nikaacha darasa. Nikaacha kufungua gereji.

Mwezi wa tatu Odell akaja.

"Shem, kuna kijana wa Dubuque anaipenda Chevelle. Ni mtu mwema. Sikulazimishi."

Nikakubali. Sikutaka kuliona tena. Lile gari lilinidanganya mbele ya watu, lilinifanya nicheke wakati mume wangu anakwisha. Hivyo ndivyo nilivyoliona.

Siku moja kabla huyo kijana hajaja, nikakusanya vitu vya gari. Ufunguo wa akiba. Geji. Daftari la kijani. Kopo la kahawa.

Nikafungua kopo nizipange zile karatasi za muda kwa tarehe, mtu asipewe takataka. Zilikuwa zimekunjwa. Nikaanza kuzinyoosha.

Moja ikaanguka imepinduka.

Nyuma kulikuwa na mwandiko wa Royce.

Msimu mzima nilinakili mbele ya karatasi zile. Sikuwahi kugeuza hata moja.

Nikazigeuza zote, pale chini sakafuni gereji.

*25 Mei. 87.*

*8 Juni. 84. Si springi. Ni mimi. Asijue bado, amefurahi mno.*

*29 Juni. 79. Hewa 17. Anapata namba sahihi kila mara na hajui sababu. Mke wangu ni fundi kweli.*

*20 Julai. 75. Karibu na ukuta. Nimemwogopesha. Nisamehe.*

Nilikuwa nimeandika kila kitu kuhusu gari kwenye lile daftari. Joto, upepo, muda. Nafasi moja tu ilikuwa imekosekana, ya mtu. Yeye alikuwa akiijaza, upande wa pili, wiki baada ya wiki.

Karatasi ya mwisho ilikuwa na maandishi mengi. Ilibidi niipeleke mlangoni kwenye mwanga.

*28 Septemba. 67. Leo nina uzito wako, Marla. Nilikuwa naisubiri siku hii. Nimekaa kwenye kiti kama ambavyo ungekaa wewe, na gari limenyooka. Hewa 11. Muda 11.54. Hii si yangu, ni yako. Usibadilishe kitu. Kaa.*

Nikainua macho. Ukutani, kwa chaki, 67 ilikuwa bado ipo. Hakufuta.

Mnaelewa? Mume wangu alikuwa anashuka. Hakuwa na namna ya kuzuia. Lakini njiani alijua kuna mahali atapita pale nilipo mimi, sawasawa, kwa siku moja tu. Akapasubiri. Na alipofika, akaweka alama, ili nikija nyuma yake nisiende ukutani.

Nililia mpaka Hattie akaja kunifuta uso kwa sketi yake.

Halafu nikampigia Odell.

"Mwambie kijana wa Dubuque anisamehe."

Kisha akasema, "Nilishamwambia asije. Nilikuwa nasubiri tu unipigie."

*

Jumamosi ya pili ya mwezi wa tano nilivaa koti la Royce. Bitana nimeishona upya, haina kitu ndani. Nikaandika kwenye kioo 11.54.

Mpinzani wangu, kwa bahati ya kura, alikuwa Odell.

Taa ikawaka kijani. Mimi nikaitazama, nikaifikiria, ndipo nikaondoka. Odell alikuwa ameshafika katikati ya njia.

Nilimaliza kwa 11.71. Nilikanyaga mafuta kwa woga, niliachia mapema, nilifanya makosa yote ambayo nilikuwa nikimsema Royce.

Nilishindwa vibaya.

Lakini gari lilinyooka. Sikuhitaji kugusa usukani. Hapo kwenye kiti hapakuwa na pengo, hapakuwa na kilo iliyozidi wala iliyopungua. Nilikuwa ndiye mtu ambaye gari lilipangiwa.

Odell alikuja dirishani, kofia mkononi, macho mekundu.

"Shem, umeendesha kama bibi anayekwenda kanisani."

"Wiki ijayo nitakupiga."

"Najua," akasema, akageuka upesi nisimwone. "Najua, shem. Ndiyo maana leo nimejishindia."

Wapendwa, nimeandika haya kwa sababu moja.

Mambo ya nyumbani kwako yakianza kwenda vizuri kuliko ulivyotarajia, na hujui sababu, shangilia, ndiyo. Lakini kabla ya kujisifu, mfungulie mlango aliyekaa ndani. Mguse mbavu. Muulize amekula nini leo, na usikubali neno "joto."

Mimi nilinyoosha kila kitu kilichopinda bila kuuliza kwa nini kinapinda. Ufundi wangu ulikuwa mzuri. Macho yangu ndiyo yalikuwa chini ya gari.

Na kama kuna mtu anakuachia karatasi kila wiki, tafadhali, igeuze.

Nimerudi darasani. Bibi Lindqvist hakuniuliza kitu, alisogeza tu kiti kando ya dawati ili kibebeo cha Hattie kipate nafasi, akasahau kwamba mtoto ameshakua, sasa anatembea.

Namsikia ameamka. Anaita kutoka chumbani, anauliza kama Jumamosi imefika.

Bado, mama. Kesho kutwa.